Van yasita nikiwa na sufuria za biriani nyuma, na fundi ni shemeji yangu

Assalaam aleikum Ami,

Natumai u mzima. Mie ni mpishi wa harusi, nakaa Majengo, na kazi yangu yote iko juu ya van moja ya dizeli ya Kijapani, lita 3, otomatiki, ilishuka Kilindini ikiwa imetumika kama gari nyingi za hapa. Ndiyo ibebayo sufuria, majiko, sahani na wasichana wa kupakua. Sasa imeanza tabia ambayo imenikosesha usingizi.

Asubuhi yawaka mara moja, haina neno. Ikishapata moto ndo mchezo waanza, niko zangu barabara ya Nyali mwendo wa sitini sabini, mguu umetulia tu, ghafla yajivuta nyuma kidogo mara mbili tatu kisha yaendelea utadhani hakuna kilotokea. Hiyo naivumilia. Isovumilika ni nikitaka nguvu, yaani kupita lori Changamwe au kupanda daraja la Nyali na mzigo, nakanyaga mafuta na gari haiitiki, nahesabu moja, mbili, tatu, halafu yaruka kwa fujo mpaka vifuniko vya sufuria vyalia nyuma. Juzi tulikuwa na harusi Likoni, maji yametoka, ile rampu ya feri imesimama kwelikweli, nikakanyaga ikasinzia katikati, watu wa miguu na mikokoteni wapita pembeni, lori nyuma yangu lapiga honi, wallahi nilisoma kila dua n'nayoijua. Ilipanda mwishowe lakini mikono ilinitetemeka mpaka tulipofika kwa bwana harusi.

Mambo mengine n'loyaona: taa ya injini huwaka siku nyingine, nikizima nikawasha tena haipo. Moshi hakuna, dadangu alikuwa nyuma yangu na gari yake asema hakuona mweusi wala mweupe. Nikiwa kwenye foleni ya feri injini yapanda yashuka yenyewe, kidogo tu, lakini nimeizoea gari yangu nasikia. Na mafuta yakipungua tangini ndo yazidi.

Sasa fundi. Fundi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana gereji yake Jomvu. Mume wangu ni baharia, yuko melini, na kila nikimpigia asema mpe shemejiyo, pesa ibaki nyumbani. Shemeji amebadilisha filta ya dizeli, gari ikatulia siku chache ikarudi. Akatoa injekta, vile vya kunyunyizia dizeli ndani ya injini, akazisafisha, ikatulia ikarudi. Akabadilisha plagi za kupashia moto, hapo hata haikutulia. Sasa ataka tununue pampu nzima na injekta zote nne, spea za mtumba, Sh150,000. Nikimuuliza umejuaje asema "shemeji, dizeli ikisita ni pampu, niamini mie." Mashini ya kupima na kompyuta hana na asema hayo ni mambo ya kulia watu pesa tu.

Mfungo Mosi waja na daftari langu la harusi limejaa. Shoga yangu anambia uza hiyo gari kabla haijafa. Nitoe hizo pesa, niuze, au nifanye nini? Na huyu shemeji n'tamwambiaje bila kuleta maneno kwa mama mkwe? Halafu kuna duka la spea wameniuzia chupa ya dawa ya kusafisha injekta, ya kutia tangini. Nitie au nisitie?

Mama Biriani, Majengo


Waaleikum salaam mwanangu,

Hiyo laki na nusu iache pale ilipo kwanza. Barua yako ina nusu ya jibu ndani yake, kwa hivyo n'taanza na maneno yako mwenyewe.

Umesema moshi hakuna. Hilo ni neno kubwa kuliko unavyodhani. Dizeli ikikosa nguvu huku yatoa moshi mweusi, mafuta yaingia lakini hewa haitoshi, hapo mtu aangalie filta ya hewa, mpira wa turbo (ile feni ya kusukuma hewa injini) ulopasuka, valvu ya EGR (ile irudishayo moshi ndani ya injini) iloganda wazi kwa masizi, au turbo yenyewe. Ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, mafuta yaingia lakini hayaungui sawasawa, na hapo ndo injekta na kompreshani (mkandamizo wa hewa ndani ya injini) zaanza kushukiwa. Ikikosa nguvu na nyuma ni kweupe bila moshi, basi mafuta hayafiki ya kutosha, au kompyuta imeyapunguza makusudi kujikinga. Yako ni hii ya mwisho. Zile plagi za kupashia moto kazi yake ni kuwasha injini baridi, na wewe asubuhi huna shida, kwa hivyo pesa ile imekwenda, tusiilie.

Sasa angalia hili. Filta ilipobadilishwa gari ilitulia. Injekta zilipotolewa gari ilitulia. Plagi zilipobadilishwa haikutulia. Zile kazi mbili za kwanza zina kitu kimoja sawa, kwamba huwezi kuzifanya bila kufungua njia ya mafuta na kisha kupampu kwa mkono kutoa upepo ulioingia. Mie naona nafuu uliyoipata ilikuwa ule upepo kutoka, wala si filta wala si injekta, na baada ya siku chache upepo ukaingia tena mahali palepale unapoingilia. Ukiongeza kwamba yazidi mafuta yakipungua na kwamba ilisinzia kwenye rampu maji yametoka, yaani gari imeinama na mafuta yamekimbilia upande mmoja wa tangi, basi mie macho yangu yako nyuma ya pampu, kwenye njia ya kuvuta, kabla sijaigusa pampu yenyewe.

Wengi hawajui kwamba van nyingi za Kijapani za aina hii hazina pampu ndani ya tangi. Pampu ya mbele, ile ya presha kubwa, ndo hujivutia mafuta yenyewe kutoka nyuma mpaka mbele kupitia filta. Kwa hivyo paipu yote ile iko kwenye hali ya kunyonywa, na ikiwa na kitobo hutaona dizeli ikidondoka chini, utaona pakavu kabisa, manake hewa ndo yaingia ndani badala ya mafuta kutoka nje. Ni ule mrija wa dafu ulotoboka juu ya maji, wanyonya wanyonya wapata mapovu. Na fundi akiinama chini akaona pakavu asema hapa hakuna neno, ndo hapo mtu anapoishia kununua pampu.

Hapa pwani paipu za chuma zaliwa na chumvi haraka, khasa pale zinapopita juu ya klipu, kutu hujificha chini ya ile raba. Kuna vimpira vidogo vya kuunganisha ambavyo vikizeeka vinakauka na kupasuka nyufa ndogondogo, halafu kuna ile pampu ya mkono juu ya nyumba ya filta, ina raba yake ndani, ikichoka yapitisha hewa. Na filta yenyewe ukifunga ya bei rahisi raba yake haikai vizuri, mwanangu filta ya dizeli ndo kitu kimoja ambacho sitaki mtu anunue cha kubahatisha.

Njia ya kujua haina gharama. Mwambie fundi afunge kipande cha mpira wa kuona ndani, ule mweupe wa plastiki unaohimili dizeli, kati ya filta na pampu, awashe gari ipate moto, akanyage kidogo kidogo, na nyote wawili mtazame. Mafuta yanatakiwa yapite safi. Vipovu vidogo mara moja moja si kesi, lakini mkiona mapovu yafuatana au mafuta yakatika katikati, mumempata mwizi, sasa ni kurudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka yanapoanzia. Jaribio la pili ni kuilisha pampu kutoka kwenye kidumu safi chenye dizeli safi, mkiruka tangi na paipu zote. Kifanyike gari ikiwa imesimama, msije mkaingia barabarani na kidumu miguuni, van zenu injini iko chini ya viti na hapo pana joto. Injini ikiwa imepata moto, akiikanyaga kwa kidumu ikaitika vizuri na ile kupanda kushuka ikaisha, basi pampu imejitetea yenyewe, shida iko nyuma.

Nyuma maana yake pia ni tangi. Ndani kuna chujio dogo kwenye mdomo wa paipu ya kuvuta, likiziba na uchafu gari hupata mafuta ya kutembea pole lakini si ya kupanda. Hilo huwa halikumbukwi mpaka mwisho, sijui kwa nini, labda kwa vile kushusha tangi ni kazi ya kuchafuka.

Na maji. Mji wetu una unyevu, tangi likilala nusu tupu kuta zake za ndani zatoa jasho usiku, kila siku tone, na maji ni mazito kuliko dizeli kwa hivyo yakaa chini kabisa pale mdomo wa paipu ulipo. Chini ya nyumba ya filta kuna skrubu ya kutolea maji, afungue atolee ndani ya chupa nyeupe, aiache itulie. Mstari ukionekana chini, ni maji. Jizoeshe kulala na tangi lililozidi nusu, na ukienda petroli stesheni ukakuta lori lashusha mafuta, geuza uende kwengine, wakati huo taka zote za chini ya matangi yao zimekorogeka. Habari ya mafuta ya taa kuchanganywa imepungua tangu Septemba 2018 serikali ilipoweka ile ada ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa, faida ya wachanganyaji ikakatwa, na EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati na mafuta, huweka alama kwenye mafuta na kuzungukia vituo kupima. Lakini kupungua si kuisha, na mafuta ya taa hayalainishi pampu inavyotaka, hizi pampu zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili nyingine.

Tuseme mpira wa kuona uko safi, hakuna mapovu, tangi safi. Hapo ndo nitakuja kwenye ile uliyosema kwamba kwenye foleni injini yapanda yashuka. Juu ya pampu kuna valvu ndogo waiita SCV, imeshikwa na boliti mbili, kazi yake ni kupima mafuta kiasi gani yaingie pampu. Ikichoka au ikiingia uchafu huwa yakwama kisha yaachia, na dalili zake ndo hizo zako, kuyumba ukiwa umesimama, kujivuta mguu ukiwa umetulia, khasa gari ikipata moto. Pampu za Denso zilizofungwa kwenye Toyota, Nissan, Mitsubishi, Isuzu na Mazda nyingi zinayo. Hii valvu huuzwa peke yake! Watu wamenunua pampu nzima kwa sababu ya valvu ya kiganja cha mtoto. Ila isinunuliwe kwa kuangalia sura, namba iliyo kwenye pampu ndo isomwe, bandia ni nyingi, na baada ya kuifunga gari nyingi zahitaji kompyuta ifundishwe upya, ukiruka hiyo hatua utaambiwa spea ni mbovu kumbe ni nzima.

Ndo hapo na mimi natofautiana na shemejiyo kuhusu kompyuta. Kweli kuna watu wanachomeka kimashini, wanasoma kodi moja, yaani namba ya hitilafu, wanakutoza, wanakupa jina la spea. Hao ni kama yeye tu, wanabahatisha kwa stima. Kodi P0087 itakwambia presha ya reli, ile paipu ya presha kubwa inayogawia injekta mafuta, iko chini, haitakwambia kwa nini. Unachotaka wewe ni mtu atakayekaa na mashini ndani ya gari mkaendesha na mzigo, aangalie namba mbili tu, presha ambayo kompyuta yaitaka na presha inayopatikana. Injini ya namna yako ikiwa moto na imesimama reli huwa karibu bar 300, ukiipa mzigo wa nguvu huenda zaidi ya 1,500. Ukikanyaga na ile inayotakiwa ikapanda huku inayopatikana ikabaki nyuma, ni mafuta. Zote mbili zikipanda pamoja na gari bado haitoki, mwache huyo pampu, nendeni upande wa hewa na turbo. Zote mbili zisipopanda, hata kompyuta haijui kwamba umekanyaga, na hapo tazameni sensa ya pedali, ikilika ndani huwa na sehemu zilokufa. Mashini hiyohiyo yaonyesha, switchi ikiwa imewashwa unabonyeza pedali pole pole na asilimia zinatakiwa zipande bila kuruka.

Injekta nazo zina kipimo chao kabla ya kushutumiwa. Zafungwa vichupa vinne kwenye paipu za kurudisha, gari yawashwa, kinachojaa haraka kuliko vyenzake ndo injekta inayovuja. Yaweza kuwa moja. Yaweza isiwe hata moja. Kununua nne za mtumba ambazo hakuna aliyezipima, kutoka gari ambayo hujui ilikufa na nini, hapo mwanangu wanunua shida ya mtu mwengine. Na kuna injini ambazo kila injekta ina kodi yake iloandikwa juu, ikibadilishwa lazima ile kodi iingizwe kwenye kompyuta. Huyo asotaka kompyuta angeziingizaje?

Kwa hivyo kuuza usiuze. Ukiuza na hii shida utapewa bei ya chuma, na shida yenyewe huenda ni mpira wa shilingi kidogo.

Hivi sasa hivi lakini usiipeleke feri na mzigo. Sote twakumbuka Septemba 2019 pale Likoni gari iliporudi nyuma ikaingia majini, sababu zile ni mbali na zako, ila rampu si mahali pa kuwa na gari isoitika. Harusi za ng'ambo zunguka na Dongo Kundu au ukodi pikapu kwa siku hiyo ulitie kwenye bei ya mwenye harusi. Na weka tangi juu ya nusu hata kabla ya kufika gereji, huenda ukaona tofauti siku hiyohiyo, na hiyo pia ni habari ya kumpa fundi.

Sasa shemeji. Mie simuoni mwizi, namuona fundi alojifunza kwenye dizeli za zamani, zile pampu za kuzungusha skrubu kwa sikio, na kwa zile huenda ni bingwa. Lakini komoni reli, hizi dizeli za kompyuta zenye reli moja ya presha kwa injekta zote, si ya jana, Denso waliifunga kwenye lori la Hino mwaka 1995 na gari ndogo ya kwanza kuuzwa nayo ni Alfa Romeo 156 mwaka 1997, muda wa kuijua amekuwa nao. Usimwambie hajui. Wala usimnyang'anye gari ukaipeleka kwa mwengine kimyakimya, habari itafika kwa mama mkwe kabla van haijatoka gereji. Mwambie hivi, "shemeji, hiyo laki na nusu si yangu peke yangu, ni ya nduguyo, na nduguyo ameniambia hatoi mpaka aone namba." Halafu kweli umpigie mumeo umuombe aseme hivyo, baharia huyo, amezoea injini za meli, ataelewa mara moja mtu akimwambia presha haikupimwa. Neno litoke kwa kaka mkubwa, wewe ubaki mpishi.

Kisha mpe shemeji kazi anayoiweza. Huo mpira wa kuona, kidumu, maji ya filta, kushusha tangi, yote hayo ni spana tu na mikono yake inatosha, mlipe ujira wake kamili usimkopee. Ile ya kompyuta na ya vichupa mwende pamoja kwa watu wenye mashini za kupimia pampu na injekta, yeye ndo aongee nao kifundi. Akienda na wewe hajafukuzwa. Akikataa kwenda pia utakuwa umejua jambo. Na kila spea anayotoa mwambie akupe ile ya zamani mkononi, useme ni mumeo aitaka.

Ile chupa ya dawa usitie saa hii. Kama njia yavuta upepo dawa haizibi tobo, na kama tangi lina uchafu itauondoa kutani ikaupeleka kwenye filta siku ya harusi. Duka likikubali kurudisha, rudisha, ubadilishe na filta ya dizeli ya maana na mita moja ya ule mpira mweupe, na uchukue risiti.